Nyimbo za Kijapani zinazoanza na KI, anzia hapo

Mdogo wangu nimekusoma. Unaenda Japani mwezi wa nne kwa mafunzo ya kiwandani, umeambiwa kule jioni watu wa kazini wanapelekana karaoke na mgeni lazima apewe maiki, unataka nyimbo za kujifunza mapema na kusoma Kijapani bado hujui. Waliotangulia wamekupa nyimbo za katuni, sawa, wenzako wa rika lako watafurahi. Ila watakaokupeleka karaoke ni wazee wa kazini, na kwao hao mimi nakupa njia iliyonifaa mwenyewe: chukua silabi moja tu, KI, jifunze nyimbo zake.

Nimekaa kule 2009 mpaka 2013, upande wa Nagoya, kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yale yanayoshushwa bandarini Dar. Kazi ilikuwa kuosha, kukagua na kuyapeleka meli inakopakia. Ijumaa bosi wetu, tulimwita shacho kama wanavyoita wote kule, alikuwa anatuchukua mpaka sunakku, yaani kibaa kidogo cha viti kama nane hivi, mwenyewe ni mama wa makamo na wateja wanamwita hivyo hivyo, Mama. Kaunta ina kitabu kinene cha nyimbo, na kitabu chenyewe hakikupangwa kwa abc, kimepangwa kwa silabi, a i u e o, halafu ka ki ku ke ko, inaendelea hivyo mpaka mwisho. Siku hizi kuna kile kitabuleti cha kuchagulia nyimbo lakini mpangilio ni ule ule, unagusa silabi ya kwanza zinashuka nyimbo zote zenye hiyo silabi.

Mimi nilikuwa najua kusoma herufi chache sana, na niliyokuwa na uhakika nayo ni KI, kwa sababu kila siku kwenye ukaguzi tulikuwa tunaandika neno kizu, maana yake mkwaruzo kwenye bodi ya gari. Basi Mama akinisogezea kitabu nafungua kurasa za KI, naonyesha kidole, namuuliza huu nani anaimba, ananiambia, nikirudi chumbani nautafuta mtandaoni nausikiliza wiki nzima. Baada ya mwaka nilikuwa na nyimbo kama kumi na mbili, zote KI, na wazee wa pale walinizoea hivyo, nikiingia tu wanaanza kupendekeza KI nyingine.

Sisi Waswahili tuna bahati hapa. Irabu zao ni tano kama zetu na silabi zao karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukiandikiwa kwa herufi zetu unasoma na unaeleweka. Angalia kitu kimoja lakini, KI yetu ina kazi, kiti, kikombe, Kijapani, ukiisikia unajua ngeli. Yao ni sauti tupu, maana iko kwenye ile herufi ya Kichina wanayoandikia neno. Kita ni kaskazini, kimi ni wewe (wewe wa kumwita mtu wako wa karibu, usimwite bosi hivyo), kisetsu ni majira, kiseki ni muujiza. Halafu wakiongea ile i ya kita karibu wanaimeza, unasikia kama kta, ila kwenye wimbo inarudi, inapewa noti yake kamili. Ndiyo maana wimbo unakufundisha matamshi vizuri kuliko mazungumzo, kila silabi unaisikia.

Sasa nyimbo. Kundi kubwa ni za KITA, za kaskazini, hizi ni enka, zile za huzuni zenye sauti ya kutetemeka. Kitasakaba ya Hosokawa Takashi ni ya 1982, ilichukua Tuzo ya Rekodi ya Japani mwaka huo, imechangamka, inahusu baa za huko kaskazini, na Hosokawa mwenyewe ni mtu wa Hokkaido, kisiwa cha huko huko kaskazini. Anza na huu, mapigo yake ni rahisi na watu watapiga makofi tangu mwanzo. Kita no Yado kara ya Miyako Harumi ilitoka mwisho wa 1975 ikabeba tuzo hiyo hiyo 1976, mashairi ni ya Aku Yu, mwanamke yuko nyumba ya wageni ya kaskazini anamfumia sweta mwanaume ambaye hatakuja kulivaa. Usiogope kwamba ni wimbo wa mwanamke, kwenye enka wanaume wanaimba za wanawake na wanawake za wanaume, hakuna anayeshangaa.

Kwa nini kaskazini hivyo? Niliwauliza wale wazee na jibu nililipata kwao wenyewe, kwa sababu wengine walipitia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wa mikoa ya Tohoku, kaskazini-mashariki, wengine wametoka tu shule ya kati, walikuwa wanapakiwa treni maalumu kwa makundi kwenda kufanya kazi viwandani, wa kwenda Tokyo wanashukia stesheni ya Ueno. Waliitwa mayai ya dhahabu, maana viwanda viliwagombania. Kwa hiyo kaskazini kwa hao ni nyumbani, ni mama, ni theluji, na kwa wengine ni mahali pa kukimbilia mapenzi yakivunjika. Ukiimba neno kita mbele ya mtu wa miaka sabini, yeye anaona stesheni.

Na hapo ndipo ulipo Kitaguni no Haru, masika ya nchi ya kaskazini, 1977, Sen Masao. Muziki wa Endo Minoru, mashairi ya Ide Haku. Humo mama mzazi anamtumia mwanawe aliyeko mjini kifurushi kidogo, anahisi mjini huko mtoto hawezi hata kujua majira yamebadilika, na mtoto anajiuliza arudi nyumbani au vipi. Umeimbwa mpaka Uchina, Teresa Teng, yule mwimbaji wa Taiwan, aliuimba kwa Kichina. Mimi niliposikia habari ya kifurushi nilimkumbuka mama yangu na dagaa anaonifungia kila nikisafiri, sikuhitaji mtu wa kunitafsiria zaidi.

Za KIMI nazigusa haraka. Kimi to Itsumademo ya Kayama Yuzo, 1965, katikati kuna sehemu ya kuongea anasema ana furaha huku anajigusa pua, ukiifanya hiyo wazee wote wamekwisha. Kimi Koishi ni ya tangu miaka ya 1920 lakini wanayoijua ni ile Frank Nagai aliyoirudia na kushinda nayo hiyo Tuzo ya Rekodi 1961. Kimi ga Iru Dake de ya Kome Kome Club, 1992, iliuza kopi zaidi ya milioni 2, hiyo waimbie walio kwenye hamsini. Wa thelathini wape Kiseki ya GReeeeN ya 2008, vijana wanne waliosomea udaktari wa meno Fukushima na hawaonyeshi sura zao, lakini ina maneno mengi ya haraka haraka, mimi ilinichukua miezi.

Kitabuni kuna mtego, GI inakaa pamoja na KI, ni herufi ile ile imeongezewa vidoti viwili. Kwa hiyo humo humo utakutana na Ginza no Koi no Monogatari ya 1961, ya kuimba wawili, mwanaume na mwanamke, na Mama mwenye baa atakuomba uimbe naye, ujifunze. Na KI ikifuatwa na yo kubwa ni Kiyoshi, ikifuatwa na yo ndogo ni Kyo kama Kyoto. Nilichanganya hizo mbili muda mrefu.

Nirudi kwenye Kitaguni. Sen Masao ni mtu wa Rikuzentakata, Iwate, mji uliofagiwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Ufukweni kulikuwa na misonobari kama 70,000, ukabaki mmoja umesimama, wakauita Kiseki no Ipponmatsu, msonobari mmoja wa muujiza. Nao chumvi iliumaliza baadaye, wakauhifadhi kama kumbukumbu. Kule yadini tulikuwa na mzee mmoja fundi rangi, kwao Iwate. Wiki kadhaa hakuja sunakku. Aliporudi, mwezi wa tano hivi, alichagua mwenyewe Kitaguni no Haru, akaimba ubeti wa kwanza na wa pili vizuri tu. Ubeti wa tatu unamtaja kaka na baba, wote wawili si wasemaji, kwamba labda mara moja moja wanakunywa pamoja. Kaka yake alikuwa bado hajapatikana. Muziki ukawa unaenda, maneno yanapita kwenye skrini, yeye kimya, akanipa maiki mimi nikaumalizia.

Kwa hiyo huo ubeti wa tatu ukariri wote, bila kutegemea skrini.