Maswali ya Wasomaji: Mikono ya kubania marobota na uwezo wa foklifti

SWALI: Mimi ni dereva wa foklifti katika ghala la katani mkoani Tanga. Mwajiri aliondoa meno ya foklifti yetu ya tani 2.5 na kufunga mikono ya kubania marobota, lakini kibao cha uwezo bado kinaonyesha kilo 2,500. Tukibeba marobota sita ya kilo 250, nyuma panakuwa pepesi na usukani haushiki, hasa kwenye mteremko wa mlangoni. Msimamizi anasema kilo 1,500 ni kidogo kwa mashine hii, na huwapandisha vibarua wawili nyuma ili waongeze uzito. Je, yuko sahihi?
Dereva, Tanga

JIBU: Hayuko sahihi. Kilo 2,500 za kwenye kibao hazisimami peke yake. Huenda pamoja na umbali ulioandikwa kando yake, ambao kwa foklifti za ukubwa huo kwa kawaida ni milimita 500 kutoka kisigino cha meno (pale yanapopinda kwenda juu) hadi kitovu cha uzito wa mzigo. Foklifti hufanya kazi kama mizani ambayo ekseli ya mbele ndiyo egemeo lake, kwa hiyo kila mzigo unaposogea mbele, uwezo hupungua.

Tuchukue mfano, ingawa vipimo vya mashine yako vinaweza kutofautiana. Ikiwa kutoka ekseli ya mbele hadi kisigino cha meno ni milimita 450, uwezo wa kibao ni kilo 2,500 mara milimita 950 (hizo 450 na zile 500 za kibao), yaani 2,375,000. Mikono yenye kilo 700, ambayo kitovu chake kiko milimita 650 kutoka ekseli, hula 455,000 kabla hujagusa robota lolote. Mikono hiyo pia husukuma mzigo mbele, na kitovu cha marobota kikifika milimita 1,300 kutoka ekseli, kinachobaki, yaani 1,920,000 ukigawanya kwa 1,300, kinatosha takriban kilo 1,477 tu. Marobota sita yamepita hapo, hata kabla ya kuhesabu mteremko na breki. Usukani haushiki kwa sababu foklifti hugeuzwa na magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayokaribia kuacha sakafu.

Kuwapandisha watu nyuma kukomeshwe leo, si kesho. Mashine ikiyumba, wao ndio watakaoanguka au kubanwa, na uzito wao haubadilishi kilichoandikwa kwenye kibao.

Mwajiri aombe kwa wakala wa mtengenezaji idhini ya maandishi na kibao kipya kinachotaja kifaa kilichofungwa na uwezo uliobaki. Fundi wa mtaani asikisie. Hadi hapo, rudisheni meno. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kwa usalama wa wafanyakazi wake, na unaweza kuieleza OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, iwapo hakusikii.

Kwenye mteremko, ukiwa na mzigo, ushukie kinyumenyume ili mzigo ubaki upande wa juu, na usikate kona hapo. Funga mkanda daima. Foklifti ikianza kulala ubavu, usiruke: shika usukani kwa nguvu, kaza miguu sakafuni, na uegemee upande usioangukia, kwa kuwa wengi huuawa na paa la kinga linapowaangukia wakijaribu kutoka.