Hakuna "hifadhi ya milele": shajara ya safari ya baiskeli itunzwe wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na rafiki yangu tuliwahi kusafiri kwa baiskeli kutoka Makambako, tukapita Njombe, Songea na Mbinga hadi Mbamba Bay. Kila jioni niliandika shajara, nikaiweka pamoja na picha na ramani kwenye tovuti ya Kimarekani ya wasafiri wa baiskeli. Sasa mwenye tovuti anasema amechoka na hana wa kumwachia. Kuna fundi wa kompyuta hapa mjini anataka nimlipe anihamishie kila kitu kwenye "hifadhi ya milele". Nimpe hela? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba. Usimpe. Hela hiyo nunua diski ya nje, na zikitosha nunua mbili.

Swali lako naletewa kila mara, leo kuhusu video ya harusi, kesho kuhusu picha za marehemu baba, na chini yake huwa pana imani ileile: kilichowekwa mtandaoni hakifutiki. Nadhani imetokana na maonyo tunayowapa vijana kuhusu picha za aibu. Kwa picha za aibu ni kweli, maana watu wanazinakili na kusambaziana. Shajara ya milima ya Mbinga hainakiliwi na mtu. Watu waliisoma, wakakupongeza, wakaenda zao. Ipo kwenye seva (kompyuta inayotunza tovuti) ya mtu mmoja, chini ya jina la tovuti linalolipiwa upya kila kipindi. Malipo yakikoma, jina linaweza kuchukuliwa na mwingine, na usishangae ukikuta pale ukurasa wa kamari.

Usidhani kampuni kubwa ni salama zaidi. Yahoo waliifunga GeoCities, huduma ya kutengenezea tovuti binafsi bure, mwaka 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaenda nayo. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa 2019. Mwaka huohuo Myspace, mtandao wa kijamii uliopendwa na wanamuziki, walikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kabla ya 2016 huenda zimepotea katika kuhamisha seva. Waandishi wa safari waliumizwa hasa na Photobucket, tovuti ya kuwekea picha: mwaka 2017 ilizuia picha zake zisionekane kwenye tovuti nyingine mpaka ulipe karibu dola 400 kwa mwaka. Shajara zikabaki maneno yenye matundu.

Kwa hiyo mwandikie mwenye tovuti leo, angali anajibu, umwombe maandishi na picha zako kwa ukubwa wake wa asili. Akikosa nafasi, hifadhi mwenyewe kila ukurasa mzima kutoka kwenye kivinjari, pamoja na picha zake. Kupiga picha ya skrini hakutoshi, kwa sababu maneno yake si rahisi kuyanakili wala kuyatafuta. Ramani ndiyo inayowaponyoka wengi. Ile unayoiona huchorwa upya kila ukifungua ukurasa, aghalabu kwa data ya seva nyingine kabisa. Utahifadhi ukurasa halafu ubaki na mraba mtupu. Njia yenyewe ipakue kama faili ya GPX. Hiyo ni maandishi tu ya latitudo, longitudo na saa, na hata programu zote zikifa mtu ataisoma kwa macho yake. Picha nazo zitafute kwenye simu au kamera iliyozipiga, maana zikishatumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida hubanwa na kupoteza kumbukumbu ya mahali na saa zilipopigwa.

Wayback Machine ya Internet Archive, shirika lisilo la faida la San Francisco, hupokea anwani za kurasa na kutunza nakala zake bure. Itumie, kisha fungua nakala uhakikishe picha zimeingia. Iwe nyongeza tu: kurasa zinazodai nenosiri haizifikii, na mwenye tovuti anaweza kuomba zake ziondolewe.

Nirudi kwa huyo fundi. Muulize nani atalipia seva akifa au akihama, na kama unaweza kutoa faili zako zote bila kumwomba. Wengi wa aina yake nimewakuta wamefungua akaunti ya bure ya Google kwa barua pepe yao wenyewe. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Huo ndio umilele wanaouza! Wengine siku hizi wanakuja na blokucheni (daftari la kidijitali linalotunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja), na ukichunguza unakuta kilichoandikwa mle mara nyingi ni kiungo tu, picha ziko kwenye seva ya kawaida kama zamani.

Diski ya pili ikae kwa rafiki yako uliyesafiri naye, na kila mwaka mzifungue zote mbili muone kama bado zinasomeka. Nenosiri lako la tovuti mpe mtu wa nyumbani. Na nyinyi wa vilabu vya baiskeli, Dar na Nairobi, mnaotunza njia zenu zote ndani ya kikundi cha WhatsApp: siku simu zikiibiwa au kubadilishwa bila nakala, faili ya safari ya mwaka juzi mtaiomba kwa nani?