Tatu iliyofanana na nane

Swali lenu la wiki hii, "Ni kampuni gani iliyowahi kukuhudumia vizuri kuliko zote, na ilifanya nini?", nililisoma nikiwa benki, tiketi namba 212 mkononi, ubao ukiita 168. Nina hakika wasomaji wenzangu watawaandikia kuhusu mabenki, kampuni za simu na watu wa stima. Waacheni waandike, wana haki yao. Mimi nitaandika kuhusu kiwanda cha bunduki, na natangulia kusema kwamba hakikunihudumia vizuri. Kwa hivyo pengine silijibu swali lenu. Ninalojibu ni hili: nani aliwahi kulichukulia neno langu kwa uzito hadi nikamchukia?

Kuanzia 1984 hadi 1993 nilikuwa mpigachapa katika duka la bunduki katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka Moi Avenue. Duka silitaji. Kiwanda nacho sikitaji. Kiko Ulaya, kingali kinafanya kazi, na barua zao nilizopokea zinanitosha. Wakati huo duka lilikuwa limepooza. Tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka wa 1977, zile bunduki nzito za tembo na nyati, .375 na .470 (hizo ni namba za upana wa risasi), zilikaa ndani ya sefu zikipakwa mafuta kama bibi harusi ambaye bwana hajafika. Wateja waliosalia walikuwa wakulima wenye bunduki za marisau, mabwana wenye bastola viunoni ambao hatukuwauliza wanamwogopa nani, na wale wa kulenga shabaha siku za Jumamosi. Wafanyakazi tulikuwa wawili: Fundi, mtu wa Murang'a asiyesema sana, na mimi na mashine yangu ya Olivetti. Bosi alikuwa Mhindi mzaliwa wa Ngara, mtaa wa papo hapo Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa cha Ngara, na hasira zake pia.

Basi kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, wa shule moja upande wa Limuru. Tulimwita Mwalimu tu. Bunduki yake ilikuwa .22 ya boliti, yaani komeo la chuma la kuvutwa kwa mkono, ya kulengea shabaha, aliyoinunua 1970 kwa mzungu aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao, na aliitunza kuliko gari lake, ilhali gari lenyewe alikuwa akiliosha kila asubuhi.

Machi 1989 akatuletea. Kilichovunjika ni kile kijino cha kutolea ganda la risasi. Kwa asiyejua: ukishapiga, unapovuta boliti nyuma, kuna kijino cha chuma kinachoshika ukingo wa ganda tupu na kulitoa nje. Hakizidi punje ya mahindi. Kikivunjika, bunduki inapiga vizuri tu, ila ganda linabaki ndani, na inakubidi ulisukume kwa ufito wa kusafishia ukianzia mdomoni mwa mtutu. Mwalimu alikuwa akifanya hivyo kila risasi, wenzake wakimngoja na kukohoa. Mashindano yalikuwa mwisho wa Julai.

Fundi alikitazama akasema, "Nipe siku mbili nikuchongee."

"Asante, Fundi," akajibu Mwalimu, "lakini nataka cha kiwandani. Nikitaka jino la bandia nitaenda kwa daktari wa meno."

Bosi akanisomea barua, nikaipiga chapa na nakala mbili za kaboni, nikaipeleka posta kubwa, Kenyatta Avenue, wakati wa chakula cha mchana. Sikufikiri zaidi. Nilijua jibu litakuwa bei.

Jibu lilikuja mwisho wa Aprili na halikuwa bei. Yalikuwa maswali. Bunduki ni namba gani? Ni alama zipi zimegongwa kwenye mtutu? Iliuzwa na duka gani? Aliye nayo aliipata kwa nani, na nakala ya cheti chake cha polisi iko wapi? Hakuna "tunasikitika", hakuna "tumefurahi kupokea barua yako". Mwalimu alisoma akiwa amesimama kaunta, kofia kichwani. "Naomba kijino, wananihoji kama mwizi wa ng'ombe." Nilimwonea huruma. Bosi hakumwonea. Alituambia kwamba viwanda vikongwe vya bunduki, kama Holland & Holland na John Rigby wa London, vina madaftari ya kila bunduki iliyotoka mlangoni mwao, na unaweza kuwauliza habari za bunduki iliyoundwa kabla babu yako hajazaliwa. Zile alama nazo, akasema, ni kwamba katika nchi nyingi za Ulaya kila mtutu hujaribiwa kwanza kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida. Usipopasuka ndipo unagongwa muhuri na kuuzwa.

Nikajibu maswali yote. Namba niliinakili kutoka kwenye cheti cha Mwalimu, kwa sababu bunduki ilikuwa ndani ya sefu, na mimi sefu haikunihusu.

Barua ya pili ilifika Juni, mistari minne. Namba hiyo, walisema, katika daftari letu ni ya bunduki ya aina nyingine, iliyopelekwa nchi nyingine. Tafadhali elezeni. Mpaka mtakapoeleza, hatutatuma kitu.

Bosi aliisoma amesimama, halafu akaketi, halafu akainuka akafunga mlango wa mbele saa tano za mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata siku za maandamano. Bunduki yenye namba isiyo yake si jambo la kuchezea. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na duka lililokutwa na kitu kama hicho halifiki Krismasi. Bosi hakusema neno. Alinitazama mimi tu.

Na mimi nilijua. Nilijua kwamba nimekosea kupiga chapa. Nilikuwa na mtoto mchanga mwaka ule, silali, nikija kazini macho yamejaa mchanga. Nilitoa nakala ya kaboni nikaisoma kidole kikiwa juu ya kila tarakimu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ya nne ilikuwa nane. Nikafungua cheti cha Mwalimu mikono ikitetemeka. Nane. Ninakumbuka furaha niliyoipata, ikadumu labda dakika moja. Kisha nikaelewa kwamba kama mimi sikukosea, basi mambo ni mabaya zaidi.

Bosi akampigia simu mwalimu mkuu wa ile shule. Mwalimu akafika jioni, vumbi la darasani bado liko kwenye mikono ya koti. Bunduki ikatolewa, ikalazwa juu ya gunia mezani kwa Fundi. Bosi akatazama kwa lenzi: nane. Fundi akatazama: "Hii ni tatu." Bosi akaichukua lenzi tena: nane, una macho ya wapi wewe? Wakavutana hivyo kwa muda, sauti zikipanda, na Mwalimu, ambaye ndiye angefungwa, hakusema lolote. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki nyeupe, akakisugua juu ya zile tarakimu mpaka pote pakawa peupe. Kisha akapangusa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayefuta jibu la mwanafunzi ubaoni. Chaki ikabaki ndani ya michoro peke yake.

Ilikuwa tatu. Mdomo wake ulikuwa umezibwa na mkwaruzo wa zamani ulioshika kutu.

Yaani karani aliyeandika cheti cha kwanza 1970 aliona nane. Na kila Mwalimu alipokwenda kulipia upya, karani mwingine alinakili nane ya mwenzake. Miaka 19. Hakuna aliyetazama chuma, kila mmoja alitazama karatasi. Mimi nikiwemo, naongeza mwenyewe kabla hamjaniongezea.

Mwalimu alivua kofia. "Kwa hiyo," akasema, "kwa miaka yote hii nimekuwa na leseni ya bunduki nisiyo nayo, na bunduki nisiyo na leseni yake ninalala nayo chumba kimoja." Mtu wa hesabu.

Bosi akaandika barua ya tatu usiku uleule, nikiipiga chapa huku titi likinivuja. Safari hii wale watu wa Ulaya walijibu upesi. Namba yenye tatu, walisema, ni .22 ya aina hiyohiyo. Ilitoka kiwandani 1957 na kupelekwa kwa muuzaji wa Nairobi. Bosi na Mwalimu wakaibeba barua hiyo, pamoja na bunduki na chaki, hadi ofisi ya polisi ya leseni za silaha. Afisa aliisoma mara mbili, akakaa na bunduki siku tisa, kisha akatoa cheti kipya. Mwalimu alidai alipewa na chai. Hapo simwamini.

Mashindano yakafika na kijino hakijafika. Fundi, bila kuulizwa, alikuwa amekwisha kuchonga chake jioni mbili kutoka kwenye kipande cha springi ya lori. Mwalimu akapiga nacho siku nzima, ganda linaruka kila mara, na akamaliza wa nne. Kijino cha kiwandani kilitua posta Septemba. Kilinisimamisha kwa watu wa forodha kutoka asubuhi mpaka saa kumi, kwa sababu hata kipande cha bunduki ni bunduki mbele ya sheria, na wakataka barua ya polisi. Ndani ya bahasha kulikuwa na ankara ya pesa ndogo kuliko stempu tulizokwisha kutumia. Nayo haikulipika kwa urahisi, maana siku zile pesa ya kigeni ilikuwa kwa fomu na ruhusa; vizuizi hivyo vilikuja kulegezwa karibu 1993. Bosi akawaandikia kueleza. Wakajibu sentensi moja: sahauni deni hilo.

Mwalimu akakigeuza kiganjani, akasema ni kizuri kweli, akakitia ndani ya kibiriti kitupu. "Fundi, acha chako." Kibiriti kikabaki kwenye droo yangu mpaka duka lilipofungwa.

Sasa, Mhariri, nilipoanza kuandika nilikusudia kuwasema vibaya. Barua tatu, miezi sita, bila hata "pole" moja. Ningekuwa nimeagiza sindano ya cherehani, ningewaita wendawazimu, na bado ningewaita hivyo leo. Lakini huku nikiandika nimewakumbuka watu wengine. Siku hizi nakopeshwa pesa kwa simu nikiwa kitandani, hakuna aliyeniona uso. Kila mtu ananiita mteja mpendwa. Hakuna anayeniuliza kitu, na ndiyo maana kijana mmoja wa mtaani kwetu alikopa kwa jina langu na nikalipa mimi. Wale wa kiwanda hawakunipenda. Walifungua daftari la zaidi ya miaka 30, wakatafuta bunduki moja ya mwalimu mmoja wa Limuru, na walipoona haifanani na tulichosema, walikataa kutuuzia kitu cha ukubwa wa punje. Naona bunduki ingefaa kununuliwa hivyo, kwa shida na maswali, ila silazimishi mtu.

Mwalimu alifariki kabla ya Desemba 2018, ile serikali ilipoamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya. Cheti cha bunduki si shamba, hakirithiwi. Mjane wake ndiye aliyeibeba ile .22 kuirudisha polisi. Aliniambia walilinganisha namba, wakatia sahihi, akaenda zake sokoni. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kama nane ingebaki pale, yule mama angesimama mbele ya kaunta amefiwa, na bunduki isiyo kwenye karatasi, akiulizwa ile nyingine iko wapi.

Basi hukumu yangu ni gani? Nikilazimishwa kupiga kura, naipiga kwa Fundi. Hakuwa kampuni, hakuandika barua, na alilipwa kidogo mno kwa kazi ile. Lakini bila wale wajeuri, kijino chake kizuri kingekuwa ndani ya bunduki isiyokuwepo, kwa hiyo andikeni kura nusu, au msiichapishe kabisa.

Benki waliniita saa nane na robo. Binti wa kaunta alianza kunakili namba ya kitambulisho changu kutoka kwenye fomu niliyoijaza. Nikamwambia, mwanangu, acha fomu, tazama kitambulisho chenyewe. Akakitazama, akafuta tarakimu moja, akaendelea kuandika bila kuinua macho.