Mlipe fundi mwenyewe, wala usinipitie mimi mkewe

Bwana Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limetoka kwa dada mmoja anayesema kwamba mume wa rafiki yake ni fundi, kwamba amekwisha kumtengenezea robine (bomba la maji) ya jikoni, kitasa cha mlango na taa ya barazani bila kutaja bei yoyote, na kwamba sasa angependa kumwita tena kwa ajili ya bati linalovuja, kabla mvua hazijaanza. Anaona haya. Akimpa pesa, anahofia kuonekana amemgeuza shemeji kuwa kibarua. Asipompa, anahofia kuonekana mnyonyaji. Ninajibu kutoka upande ambao swali halikuutaja: mimi ni mke wa fundi, ninakaa komine ya Katuba hapa Lubumbashi, na rafiki zangu wengi wamekwisha kumwita mume wangu majumbani mwao.

Alipwe. Alipwe bei ya kawaida, ile ambayo angelipwa na mtu asiyemjua, na pesa ziwekwe mkononi mwake, si mkononi mwangu.

Watu hufikiri kwamba kazi ya bure inamgharimu fundi jasho kidogo na inamgharimu mwenye nyumba aibu kidogo, basi, mambo yamekwisha. Hawaoni kwamba deni lile linakuja kulala kwangu. Mume wangu hawezi kumdai rafiki yangu, kwa kuwa anamheshimu na kwa kuwa ni mimi niliyeleta habari; lakini jioni, pesa ya chakula inapokosekana kwa sababu siku nzima imeishia juu ya paa la mtu, ni mimi ninayeulizwa huyo rafiki yangu anatuonaje. Siwezi kwenda kumwambia rafiki, maana itakuwa ninamdai kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe amenyamaza. Siwezi pia kumtetea, maana sina la kusema. Likirudiwa mara kadhaa, nikitaja jina la rafiki huyo mezani mtu anabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo dada anayeogopa kwamba pesa itaharibu urafiki ajue kwamba huenda urafiki umeanza kuharibika tayari, katika nyumba asiyoiona, na kwa sababu ya pesa ambayo haikutolewa.

Mji wetu una sababu zake za kuona ugumu katika jambo hili, na sidhani kama ni tabia mbaya ya watu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa miaka mingi familia za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, na baadaye za Gécamines iliyochukua nafasi yake, zilikaa katika nyumba za kampuni. Kampuni ilitoa posho, ilitibu wagonjwa, ilisomesha watoto, na nyumba ikiharibika ilituma mafundi wake. Wazee walikuwa wakisema kwamba kampuni ni baba na ni mama. Mtoto aliyekulia katika kambi hizo hakumwona mama yake akihesabu pesa za kumpa fundi bomba. Aliona mtu amekuja na sanduku la vyombo, ametengeneza, ameondoka. Kisha katika miaka ya 1990 kampuni ikaanguka, na mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuondoka kazini kwa hiari, ambamo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja wakarudi nyumbani. Kati yao walikuwamo mafundi umeme, wachomeleaji na maseremala wazuri sana, akiwemo baba mkwe wangu. Ufundi ambao kampuni ilikuwa ikimlipa kila mwezi akaanza kuuuza mtaani, kwa majirani ambao hawakuwa wamezoea kuununua, na wengi wao walikuwa marafiki zake. Tangu hapo tatizo la dada yetu limekuwa la nyumba nyingi za hapa.

Mume wangu alianza kujifunza kwa baba yake huyo, kisha akasoma umeme kwa Wasalesiani, ambao wako hapa mjini tangu mwaka 1911. Ninataja masomo hayo kwa sababu watu humsifu kwamba ana mkono wenye baraka, na mtu akishakwambia kwamba kazi yako ni baraka, mara nyingi anajiandaa kutokulipa. Masomo yale yalilipiwa karo, na vyombo vyake vilinunuliwa kimoja kimoja.

Halafu hiyo kazi ndogo yenyewe si ndogo. Rafiki anapiga simu: «Shemeji, pita tu uniangalizie hii robine.» Shemeji anapita, anafungua, anaona kimpira cha ndani kimekwisha. Kimpira hicho bei yake si kitu, lakini ni lazima kiende kutafutwa katika soko la komine ya Kenya, hapa hapa mjini, na cha kwanza hakitoshei, kwa hiyo anarudi tena. Kama ni kazi ya umeme, ni hapo ndipo SNEL, shirika la umeme, inapokata, naye anakaa barazani akisubiri umeme urudi ili aweze kupima alichofunga, kwa kuwa fundi mwenye akili haondoki bila kupima katika mji ambao umeme ukirudi kwa nguvu unaunguza friji. Mwenye nyumba ataisimulia kazi hiyo kama ya dakika kumi, na kwa upande wa bisibisi hakosei.

Sasa namna ya kulipa. Bei iulizwe kabla ya kazi, na aulizwe yeye, kwa simu yake. Vifaa viwe mbali na malipo ya mikono: ama ununue mwenyewe misumari, waya na bati kufuatana na orodha atakayokupa, ama umpe pesa za vifaa asubuhi, kwa sababu fundi anayetumia misumari yake kwenye paa lako amefanya kazi bure na bado amelipia nafasi ya kuifanya. Usiombe bei ya kirafiki. Kupunguza ni haki yake, akitaka atapunguza bila kuombwa, na wengi hupunguza. Lakini ukimwomba mbele ya mke wake, umemfunga mdomo. Akikataa kabisa kutaja bei, kama anavyofanya huyo wa swali, uliza fundi mwingine wa mtaani angetaka kiasi gani kwa kazi hiyo hiyo, kisha umpe kiasi hicho bila hotuba. Ukilipa kwa dola, toa noti nzima, maana sote tunajua kwamba noti iliyochanika pembe haipokelewi dukani. Ukituma kwa simu, ongeza ada ya kutolea pesa, na tuma kwenye namba yake.

Kuhusu kunipa mimi, najua kwamba wanaofanya hivyo wana nia njema: wanaona ni rahisi kumpa mwanamke mwenzao bahasha kuliko kumkabidhi mwanaume pesa ana kwa ana. Lakini pesa ikipita kwangu inafika ikiwa imekwisha kuwa unga na sabuni, na aliyefanya kazi hakuiona. Ataniuliza ilikuwa kiasi gani, nami nitakuwa kama mtunza fedha anayetoa hesabu kwa mume wake juu ya rafiki yake. Tutakavyogawana baadaye ni mambo yetu ya ndani. Jambo lingine watu hawapendi kulitaja, nami nitalitaja upesi: fundi akiingia na kutoka katika nyumba ya rafiki wa mke wake mara kwa mara, bila bei inayojulikana, majirani wataitafuta bei hiyo wenyewe kwa maneno yao. Mwite siku ambayo mumeo yupo, au ndugu, mlipe palepale mbele ya watu, na maneno yatakosa pa kuanzia.

Faida ambayo dada huyu hajaifikiria ni kwamba kazi iliyolipiwa inaweza kulalamikiwa. Mwaka mmoja mume wangu aliziba mapaa ya rafiki zangu wawili kwa lami, karibu siku zilezile, na mvua za Novemba zilipoanza yote mawili yakavuja, kwa sababu mabati yalikuwa yameoza zaidi ya alivyodhani. Yule aliyekuwa amelipa alipiga simu asubuhi, akasema kwa sauti kubwa kidogo kwamba maji yanaingia chumbani, na mume wangu akarudi akabadilisha bati bila kudai malipo ya mikono. Yule ambaye hakulipa aliona haya kulalamika. Aliweka ndoo chini ya tundu msimu mzima, hadi Aprili, na mtaani akawa anawaambia watu kwamba mume wangu hajui kazi. Simlaumu sana, kwani hakuwa na mlango wa kupitia. Lakini tulipoteza wateja.

Sisemi kwamba kila kitu kiwe na bei. Kwenye matanga mume wangu huvuta waya, hufunga taa, husaidia kusimamisha hema, na mtu akimpa pesa siku hiyo atakuwa amemtukana. Hivyo hivyo nyumba ikiungua. Tukija kula kwako na akaona mlango wako unakwaruza sakafu, akainuka akaukaza, mwache aukaze. Sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki ni ukarimu, nasi tunaupokea, lakini usiihesabu kuwa malipo ya siku nzima juu ya paa. Kubadilishana kazi ni kuzuri pia, mradi kuwe kumesemwa mwanzoni: nina rafiki mshonaji anayewashonea watoto wangu sare za shule, bluu na nyeupe, na mume wangu anaangalia cherehani yake ya umeme, na wote wawili wanajua nani amefikia wapi. Kubadilishana kunakojulikana na upande mmoja peke yake, huko mimi sikuiti kubadilishana.

Basi, dada mwenye swali, zile kazi tatu zilizopita usiende kuzipigia hesabu na kumpelekea shemeji yako pesa za nyuma. Atakataa, na mke wake atapata kazi ya kueleza. Kama moyo unakusumbua, mnunulie chombo cha kazi, msumeno mzuri au koleo, kitu atakachokitumia kwa wateja wengine. Kwa bati linalovuja, mpigie yeye mwenyewe wiki hii, umwambie unataka kujua bei kabla hajapanda, na umwambie kwamba utamwita fundi mwingine asipoitaja. Usingoje Oktoba iishe, kwa sababu wakati huo kila mwenye ngazi hapa mjini amekwisha kuchukuliwa.