Mleta mada, hiyo ratiba yako ya Tendaguru haina maji

Ahirisha. Nimesoma ratiba yako mara mbili nikidhani nimeruka kitu. Mwisho wa Oktoba, watu watatu, hakuna aliyewahi kulala porini, mnatoka Lindi mjini mnashuka Mchinga, bodaboda hadi kijiji cha Mipingo, kuanzia hapo miguu na mabegi mgongoni, usiku wa kwanza Tendaguru, kile kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale, wa pili mto Mbwemkuru. Umeuliza begi la ukubwa gani, hema gani, kibali, viatu, wanyama. Maji umeyapa mstari mmoja tu, "tutachota njiani, mito ipo". Mito ipo! Nani kakwambia? Maana na mimi niliambiwa maneno hayohayo tulipokwenda huko na wenzangu, na kama ni yule jamaa wa kwenye grupu la WhatsApp anayeuza na machujio ya maji, mwambie namkumbuka sana, na sio kwa wema.

Huyo bwana alitwambia amekulia kule, kila korongo analijua kwa jina, maji mwaka mzima. Akatutumia na video, mto umejaa hadi kwenye majani, vijana wanapiga mbizi. Kumuuliza video imepigwa lini hakuna aliyekumbuka, baadae sana ndo tukajua ni ya Aprili, na kwamba yeye kakulia Masasi mjini, Tendaguru kafika na msafara wa gari wamepiga picha wakaondoka. Afu kuna ramani ya kwenye simu, ule mstari wa bluu unaokatiza njia yako. Ule mstari unakuonyesha maji yanapita wapi, hausemi mwezi gani. Huku kusini mvua inachanganya kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, ikikata tu mchanga unaanza kuyanywa makorongo taratibu, ukifika Oktoba ndo mwisho wa kiangazi chenyewe. Yaani katika miezi yote umechagua huo.

Sisi tulibeba lita moja na nusu kila mtu, ushauri wa mtaalamu huyohuyo, "msijichoshe na uzito, mtajaza mbele". Saa saba mchana chupa zimebaki za kulowesha mdomo, tunatembea tunaangalia simu, bado mita mia tano, bado mia mbili, tukashuka kwenye ule mstari wa bluu. Mchanga. Mweupe, msafi, una nyayo za nyani. Mwenzetu mmoja akatoa chujio lake alilouziwa zaidi ya laki, akabaki amelishika tu, nikamwambia haya chuja basi. Hakucheka mtu. Mimi nacheka leo kwa sababu niko nyumbani na ndoo imejaa.

Na vyakula tulivyobeba: unga, mchele, dagaa wa chumvi, korosho za kukaanga. Soma hiyo listi tena uniambie kipi kinashuka bila maji.

Tukachimba kwa sahani ya bati. Unachimba mpaka mkono unazama kiwikoni, mchanga unabadilika unakuwa wa kahawia, mnapeana moyo, mnachimba tena, ukuta unaporomoka unafukia lote, mnahama pembeni mnaanza upya. Jasho tulilotoa pale ni jingi kuliko unyevu tulioupata. Kichwa kinagonga, mate yamekuwa kama gundi, mmoja wetu akaacha kabisa kutoka jasho na jua lile linawaka, akawa anajibu vitu ambavyo hajaulizwa. Hapo ndo nikaogopa. Mtandao hamna, na ungekuwepo ungempigia nani aje na nini?

Kilichotusogeza ni mikorosho. Tulirudi nyuma hadi mashamba tuliyoyapita asubuhi, mabibo yamejaa chini ya miti, tukafyonza hadi koo likawa linakereketa na fulana zimeingia madoa ambayo hayajatoka mpaka leo. Korosho zenyewe tulikuwa tunazinyofoa tunazipanga juu ya jani pale shinani, ili mwenye shamba akija aone hatukufuata mali yake. Msimu ule mtu ukikutwa umeinama chini ya mkorosho wa watu, jiandae kujieleza.

Akatukuta bibi na mjukuu wake, baiskeli na madumu mawili. Tukamwamkia. "Marahaba. Wajukuu zangu, mnatafuta nini huku?" Tukamwambia tumekuja kuona alipotolewa yule mjusi mkubwa. Akatuangalia mmoja mmoja. "Si walishamchukua?"

Bibi hajakosea, mifupa ilichimbwa na Wajerumani 1909 mpaka 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mjusi mwenyewe kasimamishwa Berlin ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wewe utakuta kilima, nyasi na miti. Pazuri, sikatai, ila sio pa kufia.

Basi akatupeleka kisimani. Kumbe kilikuwa kwenye korongo lilelile! Sisi tumechimba katikati panapong'aa, kisima kiko kwenye kona, chini ya mti mkubwa ambao majani yake bado mabichi, kimezungushiwa matawi ya miiba wanyama wasiingie. Akashuka na kata, maji ya kwanza yale ya tope akayateka akayamwaga pembeni, akatulia. Yakajaa tena taratibu, ndo akaanza kutia kwenye dumu, kata moja, anasubiri, kata nyingine. Dumu moja lilichukua karibu saa nzima, na hilo moja alitupa sisi, mjukuu akabaki pale kusubiri jingine na giza linaingia. Kwa hiyo unaposema "tutachota vijijini" jua unachota saa ya mtu.

Ninachokushikilia ni hiki kimoja, vingine nitakusamehe: maji ya kuhesabu ni yaliyo mgongoni mwako, au ambayo mtu wa kijiji hichohicho ameyaona wiki hii na wewe mwenyewe umeongea nae kwa simu. Video, ramani, jamaa wa grupu, weka pembeni. Kwa jua lile mtu anayetembea na mzigo weka lita nne za kunywa tu, ongeza ya kupikia, watu watatu kwa siku moja mmeshafika lita kumi na tano, na lita ni kilo, hakuna maji mepesi. Hamtoweza kuyabeba hayo na hema na sufuria. Ndo maana nakwambia yatangulie: mlipe bodaboda apeleke madumu hadi kijiji cha mwisho, mpige kambi palepale kijijini kwa ruhusa, asubuhi na mapema mnaenda kilimani na mabegi matupu na maji, mnarudi kulala. Usiku wa Mbwemkuru ufute. Kiangazi tulikuta sehemu kubwa ni mchanga na madimbwi machache, na dimbwi likibaki moja, kila mnyama wa pori lile anakuja kunywa hapohapo, tembo wakiwemo, na wewe umeweka hema mlangoni kwao. Hayo ya dimbwini hata ukiyapata ni ya kuchemsha au kutia vidonge vya klorini, vinauzwa duka la dawa bei ndogo kuliko lile chujio, Mungu amlaani.

Kama mnaweza kusubiri, nendeni Juni au Julai, jua limepoa na makorongo hayajakauka yote. Au mwanzie Rutamba, ni karibu zaidi na Lindi, kuna ziwa na msitu wa Litipo jirani, ila huo ni hifadhi, pitia TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kwanza. Kwingine ripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla hujashusha begi, hata kama unapita tu.

Uliuliza na nini tena? Viatu. Ulivyovizoea, usinunue vipya.

Hema sijui, nenda katafute namba ya mtu wa Mipingo akwambie kisima gani kina maji leo, afu urudi hapa ndo tuongee hema.