Tusahihishane kwa Ajili ya Wanaosoma Kimya

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza kama inafaa kumsahihisha mtu usiyemfahamu anapokosea katika mijadala ya mtandaoni, au ni afadhali kumwacha na lake. Jibu langu ni kwamba inafaa, na mara nyingine ni wajibu, ila sharti anayesahihisha ajue anafanya hivyo kwa faida ya nani.

Nasomesha historia katika shule ya sekondari, na kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni lile la Mlima Kilimanjaro. Watanzania na Wakenya wakianza kutaniana kuhusu mlima huo, hakukosi mtu wa kuandika kwa uhakika kabisa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimzawadia mjukuu wake Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, na ndiyo maana mpaka ukapindwa. Wengi humjibu kwa kumwita mjinga au kuitukana nchi yake, na hapo mazungumzo huwa yamekwisha, kwani aliyekosea hushughulika kujitetea, na wasomaji hubaki kutazama nani kamzidi nani kwa maneno.

Mimi huanza kwa kumwita ndugu na kukiri yaliyo kweli katika maneno yake: Wilhelm alikuwa mjukuu wa Victoria, na mpaka kweli umepinda. Kisha hueleza kwamba mstari huo ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ilhali Wilhelm huyo alishika ufalme mwaka 1888. Na kwamba mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwekeana mkataba na Mangi Rindi, chifu wa Wachaga wa Moshi, jambo lililowapa hoja ya kuudai mlima. Humwomba pia atazame ramani, aone jinsi mpaka unavyotoka pwani karibu na mto Umba, ukazunguka kaskazini ya Kilimanjaro, kisha ukanyooka tena kuelekea Ziwa Victoria. Huenda asikubali, wala simlazimishi. Nikishajibu mara mbili huacha. Ninayemwandikia zaidi ni kijana anayepita pale bila kusema neno, ambaye sasa anao mwaka na ramani ya kuhakikishia mwenyewe.

Makosa ya tahajia siyagusi. Mtu anayeeleza msiba wake hastahili kukumbushwa herufi mbele za watu, na wanaofanya hivyo naona wanamwongezea machungu bure.

Lakini yako makosa yasiyongoja utangulizi mrefu. Mtu akishauri kwamba mtoto aliyeungua kwa maji ya moto apakwe dawa ya meno au ute wa yai, ajibiwe papo hapo, hata kama ni mtu mzima wa kuheshimiwa na kila mmoja katika kundi anamshukuru. Na kuandika tu kwamba si kweli hakutoshi. Aelezwe kwamba jeraha hupoozwa kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, bila barafu, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi na mtoto akapelekwa hospitali, kwa sababu huenda yuko mzazi anayesoma ujumbe ule huku mwanawe analia, na anachohitaji ni kuambiwa la kufanya.

Msomaji wenu,
Tanga