Re: Nikibonyeza pasi mchezaji anachelewa, shida pedi au TV?

Mambo vipi mkuu. Yaani PS4 ileile (mashine ya gemu) na pedi ileile ya kuchezea kwa mshikaji kwenye monita inacheza freshi, ila kwako kwenye TV ya nchi 43 ukibonyeza pasi mchezaji anawaza kwanza ndo anapiga. Hapo intaneti haihusiki, ni TV, usikimbilie pedi mpya kama mimi nilivyochoma hela bure 😂

Cheki kwanza gemu modi, ile setingi ya TV ya kupunguza kuchelewa, tena ukiwa kwenye HDMI (tundu la waya wa picha) hiyohiyo uliyochomeka PS, maana TV nyingi zinahifadhi setingi kwa kila HDMI kivyake. Mimi niliiwasha HDMI 1 wakati waya uko HDMI 2, wiki nzima nalaumu gemu. Kama haipo, zima ile ya kulainisha mwendo, hiyo inashikilia fremu (picha mojamoja zinazounda mwendo) ili itengeneze nyingine za katikati, na gemu ya fremu 60 kwa sekunde kila fremu ni kama milisekunde 17, zikirundikana kipa kashafungwa. Kwenye gemu modi rangi zinaweza kupauka kidogo ila utazoea. TV zingine ukibadili jina la HDMI liwe PC (kompyuta) nayo inasaidia.

Ikigoma piga picha menyu yako uiweke hapa tuone.